Maswali yenu: PhD ya famakolojia, matokeo yanayogoma kujirudia na supavaiza asiyesoma

Wapendwa wasomaji, tangu toleo lililopita nilipogusia kidogo habari za kusomea PhD ya famakolojia barua zimemiminika mpaka nimeshindwa kuzijibu zote. Nimechagua chache ambazo naona zinawagusa wengi. Mimi mwenyewe nimepita humo, nimening'iniza vipande vya utumbo kwenye bafu ya ogani, kile chombo cha maji ya chumvi vuguvugu cha kupimia tishu hai, toka asubuhi mpaka usiku, kwa hiyo nitajibu kama dada yenu mkubwa.

Shikamoo Dokta. Mimi ni mfamasia, nina miaka minne kazini na sasa nataka PhD. Kila mtu ananiambia famasia na famakolojia ni kitu kimoja. Ni kweli? Na nitakaa miaka mingapi?

Marahaba mdogo wangu. Hapana, sio kitu kimoja, ni ndugu wa baba mmoja lakini kila mtu ana nyumba yake. Famasia inahangaika dawa itengenezwe vizuri, itunzwe vizuri na imfikie mgonjwa sahihi kwa maelekezo sahihi. Famakolojia inauliza dawa ikishaingia inafanya nini mwilini, na mwili nao unaifanya nini hiyo dawa. Basi hapo ndo kazi yote ilipo.

Fani yenyewe kama somo la maabara ilianza 1847 pale Dorpat (leo Tartu, Estonia), kwa Rudolf Buchheim. Mwanafunzi wake Oswald Schmiedeberg akaenda nayo Strasbourg, na kijana mmoja wa Kimarekani, John Jacob Abel, akasoma kwake kisha akaipeleka Michigan mwaka 1891. Nakwambia hivi kwa sababu moja: hii elimu tangu mwanzo imerithishwa meza kwa meza, mtu kakaa na mtu akaona anavyofanya. Kwa hiyo unapotafuta nafasi usiangalie jina la chuo peke yake, angalia maabara. Waandikie wanafunzi waliopo sasa hivi, waulize supavaiza anapatikana mara ngapi, waliomtangulia walimaliza kwa miaka mingapi na wangapi waliondoka bila kumaliza. Hilo swali la mwisho watu wanaona aibu kuliuliza, we uliza.

Miaka inategemea. Uingereza na nchi nyingi za Ulaya ni mitatu hadi minne na unaanza utafiti karibu siku ya kwanza. Marekani jiandae kwa mitano au sita, mana kuna madarasa kwanza, kuna kuzungushwa maabara mbili tatu kabla hujachagua ya kukaa, alafu kuna mtihani mkubwa wa kukuruhusu kuendelea. Wewe mfamasia una faida ya kuzijua dawa kwa majina na tabia zake, pengo lako litakuwa mikono ya maabara na takwimu, anza takwimu leo usisubiri kudahiliwa.

Habari Dokta. Nataka topiki yangu iwe mmea mmoja wa dawa za asili, unatumika kwa presha, kisukari, vidonda vya tumbo na malaria. Nimeandika proposo kurasa 40, supavaiza mtarajiwa kaniambia ni pana mno. Nimeumia kidogo. Nifanyeje?

Usiumie kaka, kakusaidia. Magonjwa manne ni PhD nne. Chukua presha peke yake, na hata presha bado ni bahari. Jiulize, je huu mmea unalegeza mishipa ya damu? Kama unalegeza, unapitia ule utando wa ndani wa mshipa, endotheli, unaotoa oksidi ya naitriki, au unafunga milango ya kalsiamu kwenye msuli wenyewe? Hapo sasa una swali, na ukiutoa huo utando ukarudia jaribio unapata jibu la ndiyo au hapana. Miaka mitatu itaisha humo humo na utaona haikutosha.

Nikupe mfano ninaoupenda sana. Tu Youyou wa China na wenzake walikuwa wanatafuta dawa ya malaria kwenye mimea, wakaupata mmoja, Artemisia annua, ambao leo unafanya kazi kesho haufanyi. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu wa zamani, Ge Hong, ya zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akakuta imeandikwa mmea uloweke kwenye maji, ukamue, unywe. Hakuna kuchemsha. Akawaza, kumbe labda moto ndo unaiua dawa, akatumia etha, kiyeyushio ambacho kinachemka kwenye nyuzi joto 35 hivi, na mwaka 1971 dondoo lile likasafisha vimelea kwenye panya na nyani. Nobeli ikaja 2015. Sasa angalia, swali lililofungua mlango lilikuwa dogo tu, je joto linaharibu? Wala hakuuliza mmea unatibu magonjwa mangapi.

Na kwa vile ni mmea, mambo mawili usiyaruke. La kwanza, kabla ya chochote peleka tawi lenye majani na maua kwenye hebariamu, hifadhi ya mimea iliyokaushwa, mtaalamu alitambue, lipewe namba, mana ukija kuulizwa miaka miwili baadaye ulitumia mmea gani na ulichonacho ni unga kwenye mfuko, kazi yote imekufa. La pili, ukimwaga miligramu moja kwa mililita ya dondoo zima kwenye seli karibu kila kitu kitatokea, na hiyo sio dawa hiyo ni mafuriko. Shusha dozi, uone kama bado kuna kitu. Mimea imejaa polifenoli, kemikali za mimea zinazochezea vipimo vyenyewe, unadhani umezuia kimeng'enya kumbe umeharibu rangi ya kipimo. Kurkumini ya manjano imewapotezea watu wengi sana muda kwa njia hii.

Dada Dokta, niko mwaka wa pili na naandika nikiwa nimechoka kweli. Mwezi wa kwanza wa majaribio asetilikolini, ile kemikali inayokaza msuli, ilinipa mstari mzuri wa S wa dozi na mkazo kwenye utumbo wa simbilisi, nikaweka atropini inayoizuia, mstari ukasogea kulia kama kwenye vitabu. Sasa ni wiki ya saba tishu hazieleweki, leo zinakaza vizuri, kesho kidogo tu, keshokutwa hamna. Supavaiza kasema mbele ya watu kwamba sina mikono ya maabara. Nafikiria kuacha.

Mdogo wangu usiache, angalau sio kwa sababu hii. Na pole kwa hilo neno, halikustahili kusemwa na halikustahili kusemwa mbele za watu.

Ngoja nikusimulie yangu. Mwaka wangu wa pili nilipoteza wiki sita kwa tatizo kama lako lile lile. Kila asubuhi natengeneza maji ya Krebs, yale ya chumvi ambayo tishu inakaa ndani yake, napima chumvi zangu, bikaboneti, fosfeti, magnesi, glukosi, kalsiamu, naweka yote kwa pamoja, nakoroga, ndo baadaye nafungua gesi, ile ya oksijeni asilimia 95 na kaboni dayoksaidi asilimia 5. Nakata utumbo, naufunga uzi juu na chini, nauning'iniza kwenye nyuzi 37, nauvuta gramu moja, nasubiri utulie. Siku moja unakaza kama kawaida, siku ya pili umelegea kama uzi uliolowa. Nikabadilisha asetilikolini, nikabadilisha mashine, nikawalaumu simbilisi. Mle chini ya chupa kulikuwa na ukungu mweupe mwembamba sana, mi nikawa nadhani chupa chafu naisugua.

Akaja mzee mmoja fundi wa maabara, mtu asiye na digrii hata moja, akainyanyua chupa dirishani akaitazama kwenye mwanga akaniuliza, "Hii chokaa umeiweka ya nini?"

Ndiyo ilikuwa chokaa kweli. Kalsiamu ukiiweka kabla gesi haijapita, maji yanakuwa bado na ualkali mwingi, kalsiamu inashikana na kaboneti na fosfeti inazama chini. Na msuli bila kalsiamu ya kutosha haukazi. Zile siku zilizokuwa nzuri ni siku nilizochelewa kwa kupiga stori, gesi ikawa imepita muda mrefu kabla sijamaliza kuchanganya. Toka siku hiyo gesi kwanza, dakika kumi na tano au zaidi, pH ikae 7.4, kalsiamu mwisho kabisa, taratibu huku unakoroga, na sikuwahi kuona ule ukungu tena.

Sisemi tatizo lako ni hilo hilo, nasema anza na vitu vya kijinga kabla hujajihukumu. Asetilikolini yako imekaa wapi? Inaoza haraka kwenye maji yasiyo na asidi kidogo, ukiiacha mezani toka jana sio asetilikolini tena, ni maji na kolini. Maji ya kuchanganyia, je mashine ya kuyasafisha imebadilishwa chujio? Kiyeyushio, kama unatumia DMSO, je umeweka kiasi kile kile peke yake bila dawa ukaona inafanya nini? Mana DMSO ikizidi inalegeza msuli yenyewe na wewe unaandika dawa imefanya kazi. Mirija ya plastiki, dawa zinazopenda mafuta zinaganda ukutani na tishu inapata nusu ya unachodhani umeipa. Kitu kimoja kwa siku, vingine vyote visiguswe, ukibadilisha vitatu kwa pamoja ukapona hutajua kilichokuponya na kitarudi.

Alafu itumie atropini kama rula yako. Kwenye utumbo wa simbilisi atropini ya nanomola 10, ukiipa nusu saa ya kukaa na tishu, inatakiwa iusogeze mstari wa asetilikolini kulia karibu mara kumi, na kilele kisishuke. Ikifanya hivyo bafu lako ni zima na shida iko kwenye dawa yako mpya. Isipofanya hivyo acha dawa mpya kabatini, rekebisha bafu kwanza. Hii fanya kila wiki hata mambo yakiwa mazuri. Hasa yakiwa mazuri, mana ndo wakati mtu anajiamini anaacha kuangalia.

Na nina wasiwasi na kitu kimoja kwenye barua yako, sehemu niliyoikata umesema una "n ya 24", yaani sampuli 24, kwenye ule mwezi mzuri. Vipande 24 vimetoka kwa wanyama wangapi? Kama ni sita sita kutoka kwa wanyama wanne, n yako ni nne mdogo wangu, sio 24. Vipande sita vya mnyama mmoja ni ndugu wa damu, vinakwambia kitu kile kile mara sita. Usije ukaenda na 24 kwenye vaiva, ule mtihani wa mdomo wa kutetea thesisi, msahihishaji makini atakuuliza swali hilo dakika kumi za mwanzo. Bora ulirekebishe sasa hivi ukiwa bado una muda wa kuongeza wanyama wanne watano.

Kama bado moyo unauma, Otto Loewi mwaka 1921 alichukua mioyo miwili ya vyura, akasisimua mshipa wa fahamu wa mmoja ukapunguza mapigo, maji yake akayaweka kwenye wa pili nao ukapunguza, ndo ushahidi kwamba mishipa ya fahamu inaongea kwa kemikali. Wenzake wengi wakajaribu wakashindwa kurudia! Leo tunajua hata msimu na joto vinabadilisha moyo wa chura. Akaenda Stockholm 1926 akalifanya mbele yao. Nobeli akapewa 1936 pamoja na Henry Dale. Katikati ya 1921 na 1926 nadhani kuna watu walimwambia naye maneno ya mikono.

Daftari lako la maabara liandike siku hiyo hiyo, na liandike hadi ujinga, namba ya kopo la chumvi, saa uliyofungua gesi, nani alikuwepo. Mimi ningekuwa nimeandika saa ya gesi ningeiona chokaa yangu wiki ya pili.

Dokta naomba ushauri. Naipenda famakolojia lakini roho yangu inakataa kuua wanyama. Je niachane na PhD?

Sio lazima uachane. Kuna PhD nzima za seli, za kompyuta, za data za wagonjwa, za tishu za binadamu zilizobaki baada ya upasuaji. Ila uliza kabla hujasaini, mana nimeona mtu kaingia kwenye maabara ya panya akitumaini atapangiwa kitu kingine, hakupangiwa, mwaka ukapotea. Na wale mnaofanya na wanyama, ile kanuni ya Russell na Burch ya 1959, badilisha inapowezekana, punguza idadi, punguza maumivu, sio ya kujazia fomu ya kamati ya maadili tu. Mnyama aliyetumika kwenye jaribio lisilo na kundi la kulinganisha, lisilochanganywa kwa bahati nasibu, ambalo anayesoma matokeo anajua nani kapewa dawa, huyo kafa bure. Roho inayokataa kama yako tunaihitaji kwenye hizo kamati.

Shikamoo dada. Supavaiza wangu hajasoma sura yangu miezi mitano sasa. Nikimuuliza anasema "nitaiangalia". Nikimkumbusha sana naogopa atanichukia.

Marahaba. Miezi mitano ni mingi, una haki ya kulalamika na woga wako pia nauelewa, huyo ndiye atakayekuandikia barua za kazi. Jaribu hivi. Acha kutuma sura ya kurasa 60 yenye ujumbe "naomba maoni". Tuma michoro miwili na aya moja, uliza maswali matatu ya ndiyo au hapana, mfano, je nimalizie na dawa ya pili au niandike pepa kwa hii moja? Mtu mwenye shughuli nyingi anajibu hayo akiwa kwenye lifti. Kila mkikutana, jioni hiyo hiyo mwandikie barua pepe fupi: tumekubaliana moja, mbili, tatu, nitaleta tarehe fulani. Kwa adabu kabisa. Baada ya miezi miwili una karatasi, na kama hajabadilika unakwenda kwa supavaiza wa pili au mratibu wa masomo ukiwa na tarehe mkononi, huendi na machozi. Mratibu akiona tarehe tano zilizopita bila jibu hawezi kusema huna subira.

Mambo Dokta. Nafanya kazi kampuni ya dawa, nina masta. Bosi ananiambia PhD haina faida, mama anasema niende. Mimi nataka siku moja nitengeneze dawa au nisimamie usalama wa dawa. Nani ana haki?

Poa kabisa. Wote wana haki kidogo, na nina watu wawili wa kukuonyesha.

Gertrude Elion alikuwa na masta ya kemia tu. Alianza kusoma PhD usiku huku anafanya kazi, chuo kikamwambia achague, aache kazi asome muda wote au aache masomo. Akabaki kazini, Burroughs Wellcome, alikoingia 1944, na kutoka kwenye meza yake na George Hitchings zikatoka dawa ya saratani ya damu kwa watoto, azathioprini inayozuia mwili usikatae figo ya kupandikizwa, alopurinoli ya gauti, na baadaye kundi lake likatoa asikloviri. Nobeli ya 1988 aliipata bila PhD ya darasani. Kwa hiyo bosi wako hasemi uongo, ila jiulize kama kampuni yako inakupa nafasi ya kuuliza maswali yako mwenyewe kama yeye alivyopewa, au unapima vidonge vya watu mwaka hadi mwaka.

Wa pili ni Frances Kelsey. Alipoomba nafasi kwa profesa Geiling pale Chicago mwaka 1936 jibu lilikuja limeandikwa "Bwana", walidhani ni mwanaume, akaenda hivyo hivyo. Mwaka uliofuata Marekani watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto wengi, wakafa kwa dawa ya maji ya salfanilamaidi, dawa ya kuua bakteria, na maabara ya Geiling ndiyo iliyopewa kazi ya kutafuta kilichoua, naye mwanafunzi akiwa kati ya waliowaangalia panya. Ilikuwa sio dawa yenyewe, ni kiyeyushio, daiethilini glaikoli. PhD akaimaliza 1938. Alipoingia FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mwaka 1960 moja ya mafaili ya kwanza mezani kwake lilikuwa la thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyotumiwa pia na wajawazito, ilikuwa imeshazagaa Ulaya na kampuni inamsukuma apitishe, akawa anarudisha, data hazitoshi, leteni nyingine, zaidi ya mwaka mzima mpaka habari za watoto waliozaliwa bila mikono na miguu zikatoka. Mtu aliyejifunza akiwa mwanafunzi kwamba hata kiyeyushio kinaua hawezi kutishwa na simu za kampuni.

Kwa hiyo kama moyo wako uko kwenye usalama wa dawa mimi niko upande wa mama, nenda, huko PhD inahesabika na inakufundisha kusoma faili la mtu ukaona alichoficha. Kama ni kutengeneza dawa, pia ngazi za juu za utafiti kwenye makampuni mengi zinaitaka. Ila kabla hujaacha mshahara muulize mwajiri jambo moja, kama atakuruhusu usome ukiwa kazini na topiki itokane na kazi yenu. Vyuo vingi vinakubali PhD ya muda nusu, inachukua miaka sita hivi au zaidi, ni mirefu lakini mshahara unaendelea. Akikubali hakikisha kwenye mkataba imeandikwa nani ana haki ya kuchapisha matokeo na kwa muda gani wanaweza kukuzuia, mana thesisi isiyoruhusiwa kutoka kwenye kabati la kampuni haitahiniwi. Ukipata huo mkataba nitumie kipengele hicho, nitakisoma na nitakujibu kabla ya toleo lijalo.